Kifaransa Changu na Nyumba ya Madam Odette

Kuna watu katika ukoo wa mume wangu ambao mpaka leo wakiniona nimesimama mlangoni huanza kucheka kabla sijavua viatu, na siwalaumu, maana aibu niliyoipata siku ile mbele ya wakwe, majirani na mgeni wa watu, kama angeipata mwengine basi mimi ningekuwa wa mbele kuisimulia, tena kwa kuongeza chumvi. Basi afadhali niisimulie mwenyewe, na chumvi niitie kwa kipimo changu.

Mimi nimezaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, baba yangu alikuwa na duka la vitambaa pale, na tulirudi Oman nikiwa msichana mdogo wa shule. Nikaja kuolewa na Khalfan, ambaye watu wake ni wa Unguja waliohamia Oman, na wao Kiswahili changu walikipokea kama unavyompokea mgeni aliyeingia na viatu vya matope: kwa adabu, lakini jicho liko sakafuni. Kitu kimoja tu nilikuwa nacho ambacho wao hawana, nilisoma kwa masista, kwa Kifaransa. Kwa hivyo kila palipoonekana neno la Kifaransa, kwenye chupa ya manukato au boksi la dawa, niliitwa mimi nisome, na mimi nikisoma kwa kukaza midomo, na watu wakitikisa vichwa. (Kwa kweli nilichobakiwa nacho kilikuwa salamu, hesabu, majina ya wanyama wa shamba, maneno ya nyumbani mawili matatu, na namna ya kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Hakuna aliyelijua hilo, na mimi sikuona sababu ya kumjulisha mtu.)

Sasa, Ami Nassor. Huyu ni ami yake Khalfan na ndiye mkubwa wetu sote, mtu mpole, amestaafu serikalini, anakaa Darsait, mtaa wa Maskati, katika nyumba ya ghorofa moja iliyobanwa, kushoto gereji, kulia fundi wa madirisha, nyuma jabali. Mkewe, Bi Shamsa, alikuwa anaumwa magoti. Miaka hiyo ya tisini inamalizika magoti yalimzidi hata ngazi za nyumbani kwake akawa anazipanda kwa kukaa, daraja moja moja, kama mtoto, na daktari akamwambia kuna njia mbili, kisu au maji: atembee ndani ya maji kila siku, miguu ipate nguvu bila ya kubeba mwili. Bi Shamsa kisu anakiogopa kuliko kaburi. Lakini maji akatembee wapi? Mabwawa ya mahoteli yamejaa wanaume. Uani kwake hapachimbiki, mkandarasi alikuja, akaligonga lile jabali kwa nyundo, akacheka, akaondoka. Tukampeleka pwani Qantab siku moja, akaingia baharini na baibui lake, mimi nimemshikia khanga kama pazia, na watu waliokuwa wanapita njia zao wakakaa juu ya mawe kututazama. Alirudi garini amelowa mpaka kichwani, na tulipofika nyumbani alisema hatorudia.

Mambo yalikuwa hapo, Ami alipozoeana na Mfaransa mmoja, jina lake Remi, mhandisi wa mabomba ya maji, walikuwa wakikutana kutembea asubuhi ufukweni Qurum na wakizungumza Kiingereza. Siku moja Remi akamwonyesha picha. Nyumba ya mawe katika kijiji cha kusini mwa Ufaransa, vigae vyekundu, mtini mkubwa, bwawa la kuogelea, na kulizunguka bwawa, ukuta mrefu kuliko mtu. Nyumba yenyewe ni ya shangazi wa mke wake Remi, mjane, hana mtoto, na amekuja Maskati kukimbia baridi, na anaiuza. Ami alituletea zile picha nyumbani kwetu akatupitishia mkononi. Mwenyewe nyumba hakuiangalia sana, aliuangalia ukuta. Akasema, "Hapo Shamsa ataingia majini na hatoonekana na mtu." (Yeye bwawa aliliita birika, kwa Kiswahili chao cha zamani birika ni hodhi la maji, na mimi mara ya kwanza nilidhani nyumba inauzwa pamoja na birika la chai. Basi mujue tafsiri yangu ilianza kuharibika mapema.)

Remi alimdokezea Ami kwamba masharti yatakuwa mepesi kuliko anavyodhani, ila akasema hili ni jambo la upande wa mkewe, mali ya wakwe yeye hatii mkono, na tena anakwenda ndani ya nchi kwenye kazi yake, basi Ami atafute mtu mwenye Kifaransa azungumze na bibi mwenyewe, maana Kiingereza bibi hana, na mkewe Remi anacho cha dukani tu.

Ndipo Ami akanitazama. "Mwanangu, Kifaransa unakijua?"

Mnaona, pale pale ndipo ningeweza kunusurika. Ningesema, Ami, nakijua kidogo, kimeniruka. Lakini alikuwepo wifi yangu Thuraya, dada yake Khalfan, amekaa na kikombe chake, na Thuraya ana namna ya kumtazama mtu ambayo hukufanya useme usilokusudia. Nikasema nakijua kama ninavyokijua Kiswahili.

"Kiswahili cha wapi?" akauliza Thuraya.

Basi nikawa mkalimani.

Tulikwenda Qurum nyumbani kwa Remi, mimi, Ami na Khalfan. Silvi, mkewe Remi, alitukaribisha barazani, na pale alikaa Madam Odette anamenya machungwa. Nilitarajia kikongwe cha kushikwa mkono, nikakuta mwanamke mwembamba, amenyooka, nywele nyeupe zimekatwa fupi, suruali ya kiume, umri umeshapita themanini kwa maneno yake mwenyewe, na mkono alionipa ulinibana mpaka pete ikaniingia kidoleni.

Mwanzo nilielea vizuri. Nyumba ya mawe, ndiyo. Vyumba vinne, ndiyo. Kijiji kidogo, kina kanisa na mwoka mikate, na jirani ana punda (punda nilimjua mara moja). Kila nikifasiri Ami anasema vyema, vyema, na mimi nikaanza kujipenda, hata mkono nikawa naupeperusha nikisema, kama nilivyoona wanafanya kwenye televisheni.

Kisha Madam Odette akaweka chungwa chini, akasema kwa uzito kidogo kwamba nyumba ile anaiuza "en viager". Neno hilo sikuwahi kulisikia maishani mwangu. Lakini lilifanana na "voyager", ambalo ni kusafiri, na bibi yule alikuwa akisema haraka na meno yanampigia mluzi, basi nikaamua kuwa ni hilo hilo, amelitafuna tu. Nikamgeukia Ami nikamwambia anauza kwa sababu ya safari.

Ami akauliza masharti. Madam akasema kwanza "un bouquet", halafu kiasi kidogo kila mwezi, mpaka siku atakayoondoka. Hilo la kwanza nililijua, alhamdulillahi, ni shada la maua. Nikamwambia Ami: kwanza anataka maua, halafu utampa kidogo kidogo kila mwezi, na siku atakayoondoka unaacha kulipa na nyumba ni yako.

Ami akamwambia Khalfan kwamba watu wastaarabu wanajulikana, maua mbele, fedha nyuma. Madam akauliza shada analolifikiria litakuwa kubwa kiasi gani. Ami akaniambia nimwambie atapata shada ambalo halijapata kuonekana Maskati nzima, na mimi nikamwambia hivyo hivyo, na Madam akamtazama Silvi, nyusi zimepanda juu, akaonekana amefurahi sana. Nikasema moyoni, wanawake ni wanawake, wote wanapenda maua.

Akauliza Ami, hiyo safari ni ya wapi? Nikamwuliza Madam: ukiondoka, unakwenda wapi? Akanikazia macho, akacheka, akanyoosha kidole juu, kwenye dari.

"Kwa ndege," nikamwambia Ami.

Na tarehe? Madam akasema anaijua Mungu peke yake. Nikafasiri kwamba bado hajakata tiketi.

Njiani kurudi kulikuwa na kitu kinanitekenya. Mimi ni mtu wa kudadisi, nikiona mlango umefungwa nataka kujua ndani kuna nini, na kweli nilijiuliza mtu gani huyu anauza nyumba analipwa mpaka aondoke, na akishaondoka halipwi tena, wakati wenzake hulipwa ndipo wakaondoka. Lakini udadisi wangu wote ulikuwa kwenye nyumba, mtini, punda, maji yale yana rangi gani asubuhi, na lile neno nikaliacha likapita. Ningeweza hata kumwuliza Silvi. Lakini kuuliza ni kusema sijui, na mimi nilishasema najua, tena mbele ya Thuraya.

Siku chache baadaye Bi Shamsa akataka kumwona mwenye nyumba, na Madam Odette alikuwa anataka kuogelea baharini, basi Khalfan akatupeleka sote watatu Qantab, asubuhi, siku ya kazi, hakuna mtu. Madam akabaki na nguo yake ya kuogelea ya buluu iliyopauka, akaingia majini bila hata kujaribu kwa kidole, akaogelea mpaka kwenye jabali lililosimama baharini na kurudi. Bi Shamsa alikaa mkekani, hakumwondolea macho. Akaniambia taratibu, "Yule ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi."

Madam alipotoka, akachukua kijiti akatuchorea nyumba mchangani. Hapa mlango. Hapa mtini. Hapa ngazi za kushukia majini, zina chuma cha kushika, alikitia marehemu mumewe. Huu ukuta. Bi Shamsa akanituma nimwulize, hata mtu akiwa juu ya paa haoni? Haoni, akasema Madam, hata padri kwenye mnara wa kanisa haoni, alijaribu. Bi Shamsa akavua kiatu, akajishika begani kwangu, akainuka kwa tabu, akaenda akasimama ndani ya ule mraba wa bwawa mchangani.

Kisha akaniambia nimwulize kwa nini anakiacha kitu kizuri kama hiki. Madam akajibu kwamba mtoto hana, na kwamba hapana mtu anayebaki daima, kila mmoja na zamu yake. Nikasema, hana mtoto, na zamu yake ya kuondoka imekaribia. Bi Shamsa akamshika mkono, akaniambia, "Mwambie na sie tuliondoka kwetu. Tunajua." Nikamwambia. Madam akamtazama, na mkono hakuutoa.

Ami sasa akaamua kufanya karamu ya Ijumaa, kumkirimu mgeni na kumpa shada lake mbele ya watu, na kutangaza. Akenda Ruwi kwa muuza maua, Muhindi, akamwambia anataka kubwa kabisa, na yule bwana kubwa kabisa analolijua ni lile la duara linalosimama kwa miguu mitatu mbele ya duka jipya siku ya kufunguliwa, lina utepe unang'aa kifuani. Akaulizwa utepe uandikwe nini. Ami akaniuliza mimi. Nami nikaandika kwa mkono wangu huu, kwenye kikaratasi, "Bon voyage", yaani safari njema, na Muhindi akayabandika maneno hayo kwa herufi za dhahabu.

Karamu ilikuwa ya kweli. Biriani, samaki wa kupaka, mikate ya mofa, halwa. Wanaume upande wa ukumbi, wanawake chumba cha pili, na mlango wa katikati umefunguliwa wazi ili kila upande usikie. Madam Odette alikaa chini pamoja na wanawake, miguu ameikunja vizuri kuliko mimi, akala kwa mkono, na Silvi pembeni yake. Kila mtu alikuwa anamtazama kwa hamu, na mimi nikijibu maswali ya pande zote, ana watoto, hana, anakula pilipili, anakula, na Thuraya mwenyewe aliniuliza kitu kwa adabu. Ilikuwa saa yangu nzuri kuliko zote katika ukoo ule tangu niolewe.

Baada ya chakula Ami akasimama pale mlangoni katikati na mimi ubavuni kwake, pahala ambapo pande zote mbili zinatuona. Akahutubia. Akasema mgeni huyu ametufungulia mlango wa nyumba yake, na sisi tunalijua tatizo la mtu anayengojea safari, basi hatuna cha kumpa ila dua. "Mwambie," akasema, "sote hapa, wakubwa kwa wadogo, tunamwombea Mungu amwondoshe kwa wepesi, na iwe karibu, kabla ya msimu wa joto inshallah, maana magoti ya Shamsa hayawezi kungoja."

Nikamfasiria, neno kwa neno, kwa sauti ya kutosha watu wote. Neno la kuondoka kwa Kifaransa nililijua barabara. Nisilolijua ni kwamba wao nao, kama sisi, humsema maiti kuwa ameondoka.

Na watu wote, wanaume ukumbini, wanawake chumbani, watoto ngazini, wakainua viganja wakasema Amin.

Silvi akaweka kikombe chini. Madam Odette hakutikisika, aliitazama ile mikono yote iliyoinuliwa, akauliza polepole: na kama nikichelewa? Nikamwambia Ami, anauliza akichelewa je. Ami, kwa moyo wake mweupe, akasema tutavumilia, lakini isiwe sana, na akiona mambo yamekuwa mazito basi asihangaike, Khalfan ana rafiki anaweza kumwondosha hata wiki hii (rafiki mwenyewe anakata tiketi za ndege, ila hilo Ami hakulitaja). Nikafasiri hilo pia. Nikamwonyesha na Khalfan mwenyewe, kwa kidole. Khalfan akainama kwa heshima, mkono kifuani.

Hapo ndipo watoto wa Thuraya walipoingia na shada. Walilibeba wawili, wakalisimamisha kwa miguu yake mitatu mbele ya Madam, duara, maua meupe, utepe wa dhahabu, safari njema. Kwao Ufaransa, hili nilikuja kuambiwa baadaye, shada la namna ile huwekwa juu ya kaburi.

Madam akausoma ule utepe, akarudia kuusoma. Nilidhani amezidiwa na furaha. Nikamsogelea nikamwambia kwa Kifaransa changu kizuri, ni lako, umelitaka mwenyewe.

Na wakati huo huo Remi akaingia, amefika kutoka safarini, vumbi mpaka kwenye nyusi, anaomba radhi kwa kuchelewa. Silvi akainuka akamwambia maneno mengi kwa pumzi moja. Remi akalitazama shada, akanitazama mimi, akamtazama Ami, akamwuliza kwa Kiingereza, ambacho nusu ya ukumbi inakijua, kama ni kweli amemwambia bibi wa watu kwamba familia nzima inamwombea afe kabla ya msimu wa joto, na kwamba kuna kijana wa kumsaidia.

Ikabidi aeleze, amesimama pale pale. Kwamba "viager" si safari. Kwamba kwao kuna mauzo ya namna hiyo: mzee anauza nyumba lakini anabaki ndani yake, mnunuzi anamlipa kila mwezi maisha yake yote, na siku mzee atakayofariki, nyumba inakuwa ya mnunuzi. Kwamba "bouquet" ndiyo lile fungu kubwa la fedha la mwanzo, na shangazi wa mkewe alikuwa siku zote hizi anasubiri lile fungu ambalo halijapata kuonekana Maskati nzima. Na kwamba Madam Odette haendi popote. Atakuwa humo humo ndani, na bwawa lake, mpaka mwisho wake.

Ami alisema astaghfirullah kwa sauti ya chini, akaishika fremu ya mlango. Mimi nilibaki ubavuni kwake, pande zote mbili zinaniona, sina pa kwenda. Nilitamani hata Thuraya anicheke basi angalau iwe sauti, lakini Thuraya alisema tu, taratibu, "Kwa ndege, ee?" (maana hadithi ya kidole na dari nilishamsimulia kila mtu, kwa kujisifu), na ule utulivu wake ulinikata zaidi. Nikakimbilia jikoni, nikaanza kukosha sufuria iliyokwisha koshwa.

Nikiwa huko nikasikia Ami amekwenda mwenyewe mbele ya Madam, mkono kifuani, akamwambia "pardon", neno la Kifaransa pekee alilokuwa nalo, akalirudia. Madam akaitikia kwa kichwa. Wakaondoka. Shada likabaki ukumbini, maana hapana aliyejua kitu kama kile kinapelekwa wapi.

Jioni Ami alikaa na mimi na Khalfan. Hakupaza sauti, angalau angepaza. Alisema, "Mwanangu, ungesema hujui, na mie ningetafuta mwengine. Hapangekuwa na kosa." Kisha akasema ile nyumba basi, hata kama wenyewe wangesamehe, biashara ambayo faida yake inangojea roho ya mtu moyo wake hauikubali. Nilidhani Bi Shamsa atalia, maana yeye ndiye aliyekuwa amesimama ndani ya ule mraba. Hakulia. Alisema, "Mie maji yale siyawezi. Kila nkitia mguu ntakuwa nahesabu pumzi za mwenzangu." Halafu akanigeukia akasema kesho tunakwenda Qurum, mimi na yeye, kumwomba radhi yule mwanamke, na kwa kuwa mkalimani mwengine hatuna, nitafasiri mimi, kwa sharti moja: neno ninalolijua niliseme, na nisilolijua niseme sijui.

Sijawahi kuwa na mazungumzo marefu kama yale wala yenye maneno machache kama yale. Madam Odette alitupokea barazani. Nikasema sijui mara nyingi mpaka neno lenyewe likaacha kuniunguza, na kila nikisema sijui, Madam alirudia kwa njia nyengine, kwa mikono, kwa chungwa, kwa kijiko, mpaka tukafika. Nilipofanikiwa kumweleza kwamba Ami alidhani anasafiri, na zile dua zilikuwa za safari ya ndege, alinitazama mimi, akaweka kiganja mdomoni, na mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la shati. Kisha akasema jambo ambalo nililielewa lote, na nikalifasiri lote: kwamba wanunuzi wengine walishawahi kuja kwake, wote wanauliza afya yake kwa tabasamu, wanamtazama anavyopanda ngazi, na wote wanaomba hilo hilo kimoyomoyo. "Nyinyi ndio wa kwanza kuniambia usoni," akasema, "na mkanipa chakula kwanza."

Bi Shamsa akamwambia hatununui. Madam akasema anajua. Halafu Madam akauliza, hilo goti ni la kulia au la kushoto? Yote mawili, akasema Bi Shamsa, na hapo hawakunihitaji, kwa sababu mmoja alikuwa ameshapandisha suruali kuonyesha goti lake lenye kovu, na mwengine ameshainamia kulitazama.

Joto lilipoingia mwaka ule Ami na Bi Shamsa walikwenda Ufaransa, wageni wa Madam Odette, wakakaa mpaka joto la Maskati likapoa. Nilidhani nitachukuliwa, mkalimani, jamani. Nilishauliza hata hali ya hewa. Bi Shamsa akaniambia kwa upole kwamba wao wataelewana kwa mikono. Walikwenda mwaka ule na mwaka uliofuata na miaka mingine baada yake, mpaka tukaingia miaka ya elfu mbili na Madam bado anaogelea na nyumba bado hajamwuzia mtu, na Bi Shamsa, kisu hakikumgusa, ngazi za Darsait akawa anazipanda kwa miguu yake.

Mimi nimeapa. Mtu akiniuliza leo kama najua Kifaransa, namjibu kabla hajamaliza, sijui, hata chupa ya manukato sisomi. Watoto wangu wakiniuliza neno la Kiarabu nisilokuwa na uhakika nalo, sijui. Ni neno dogo, linatoka bila maumivu, na mimi nimelilipia kwa gharama kubwa, basi nalitumia nitakavyo.

Lakini udadisi haukuniacha. Lile bwawa sijaliona mpaka leo, na kila Bi Shamsa akirudi nilikuwa nakwenda kukaa miguuni kwake nimwulize maji yale yakoje, mtini umezaa, punda wa jirani yu hai. Alikuwa ananijibu kidogo kidogo, kama mtu anayemega halwa ya thamani. Mara moja nikajikaza nikamwuliza nililokuwa nikilitaka tangu mwanzo, kama Madam Odette hunitaja, na husema nini.

Bi Shamsa akafikiri. "Alisema neno," akaniambia. "Lakini sikulifahamu, na mie neno nsilolifahamu silifasiri."